Msamaha wa Kodi ya Nyumba Kisii na Nyamira: Anza na Jina Lililo Kwenye Hati

Mwenye nyumba wa Kisii au Nyamira anayetaka kusamehewa kodi ya makao yake kwa kawaida huanza kwa kuuliza fomu inapatikana ofisi gani. Swali la kwanza lingefaa kuwa jingine: hatimiliki ya ardhi hiyo ina jina la nani? Mashamba ya Gusii yalianza kupimwa na kusajiliwa kwa wingi miaka ya 1960, na mengi yao bado yanasomeka kwa jina la babu au baba aliyekwisha kuzikwa palepale bomani. Wana na wajukuu wamegawana kwa mipaka ya miti na maneno ya wazee, kila mmoja amejenga, na daftari la serikali halijui lolote kuhusu mgawanyo huo. Lakini msamaha wa kodi, uwe wa kaunti au wa serikali kuu, hupewa mwenye mali anayetambuliwa na daftari hilo. Mtu aliyejenga nyumba ya mawe juu ya ardhi ya marehemu ni mkaaji tu mpaka urithi uthibitishwe, na barua yake ya kuomba, hata ikiandikwa kwa ufasaha gani, huanguka kwenye mstari wa kwanza. Hoja yangu ni kwamba katika kaunti hizi mbili kazi kubwa ya kuomba msamaha hufanyika miaka kadhaa kabla ya barua yenyewe kuandikwa.

Imani kwamba nyumba ya kuishi haitozwi kodi ina chimbuko lake, na haifai kudharauliwa. Nchini Uganda, sheria ya ukadiriaji ya serikali za mitaa ya 2005 iliziondoa katika kodi nyumba ambazo wenyewe wanaishi ndani yake, ikawabakisha wenye majengo ya kupangisha na ya biashara. Tanzania, mzee wa miaka 60 na zaidi au mtu mwenye ulemavu asiye na kipato anaweza kusamehewa kodi ya jengo kwa nyumba moja anayoishi. Kisha kuna jamaa zetu walioko Marekani, ambako Abagusii wengi wametulia Minnesota na Texas. Huko mwenye nyumba huomba kwa kaunti yake nyumba itambuliwe kuwa ndiyo makao yake makuu, na kodi hupungua. Minnesota humtaka mtu awe anaishi humo na awe ameomba kabla ya Desemba 31 kuisha. Texas ilipandisha mwaka 2023 kiasi cha thamani kisichotozwa kodi ya shule hadi dola 100,000. Habari hizi hufika nyumbani kwa simu, na msikilizaji hudhani kila nchi ina mlango kama huo.

Kenya haina. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kinazipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali isiyohamishika, ile inayojulikana kama ada za ardhi, na hakikumtenga mtu anayeishi katika nyumba yake. Kwa miaka mingi kazi hii iliongozwa na sheria mbili kuukuu, Sura ya 266 na Sura ya 267, mpaka Bunge lilipopitisha Sheria ya Kitaifa ya Ukadiriaji, iliyotiwa saini Desemba 2024. Desturi iliyojengwa na sheria hizo ni kwamba msamaha hufuata matumizi ya ardhi: mahali pa ibada ya umma, makaburi, hospitali, shule, taasisi za hisani. Makazi ya mtu binafsi hayamo. Nalisema hili wazi kwa sababu kuna wanaofikiri kwamba makaburi ya familia yaliyo nyuma ya nyumba yanaifanya ardhi yote kuwa eneo la maziko. Sheria inapotaja makaburi inakusudia uwanja uliotengwa kwa kazi hiyo. Kaburi la mzee kando ya migomba haliwezi kuisamehe robo ekari iliyolizunguka. Vivyo hivyo aliyetoa kipande cha shamba kwa kanisa: kipande cha ibada kinaweza kusamehewa, nyumba za kupangisha zilizojengwa uwanjani mwa kanisa haziwezi.

Hapa msomaji wa Bobasi au Borabu atasema kwamba yeye hajawahi kulipa ada za ardhi, kwa kuwa shamba lake ni miliki huru ya milele, na kwa hiyo makala hii inawahusu watu wa mjini. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Miliki huru humwondolea mtu kodi ya ukodishaji ambayo mwenye kiwanja cha mkataba hulipa serikali kuu kila mwaka. Haimwondolei ada za kaunti, kwa sababu hizo hutozwa mali yenyewe bila kujali aina ya umiliki. Kilichomkinga mpaka leo ni umbali wake na mji, na umbali huo unapungua. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 iliwezesha manispaa kupewa mipaka inayovuka mji wa zamani na kuingia vijijini. Katika nchi yenye msongamano kama wetu, ambapo sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii ikawa na zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, hakuna ajuaye mji unaishia wapi. Kutoka Daraja Mbili hadi Mosocho, au kutoka Nyamira mjini hadi Kebirigo, nyumba zimeshikana.

Kwa hiyo soma hati yako kwa makini kabla ya kusoma sheria. Hati inayotaja manispaa na nambari ya bloku ni ya kiwanja cha mji, na mara nyingi ni ya mkataba wa miaka. Mwenye nayo ana madeni mawili tofauti, moja la serikali kuu na moja la kaunti, na msamaha wa moja haugusi jingine. Hati inayoanza kwa jina la eneo la usajili, kama Nyaribari Chache, West Kitutu au West Mugirango, ni ya shamba lililopimwa wakati wa usajili wa mashamba, hata kama leo pana gorofa ya vyumba ishirini juu yake. Jina hilo husaidia pia Keroka, ambako kaunti hizi mbili zimevutana kwa muda mrefu juu ya nani akusanye ushuru. Mwenye nyumba wa Keroka asimwandikie waziri wa fedha wa kaunti yoyote kabla ya kujua ardhi yake imesajiliwa upande gani, na stakabadhi zote za malipo ya nyuma azitunze pamoja.

Ikiwa nyumba ya kuishi haina msamaha wa jumla, mwenye ada kubwa afanye nini? Njia yenye nguvu zaidi ni ile inayotumiwa kidogo zaidi, nayo ni kupinga makadirio. Ada hutokana na daftari la thamani ambalo kaunti huandaa kupitia wakadiriaji. Daftari linapokuwa katika rasimu, ni lazima litangazwe na wananchi waruhusiwe kulikagua na kuwasilisha pingamizi. Sheria ya zamani ilitoa siku 28 tu baada ya tangazo. Chini ya sheria mpya fuata siku zitakazoandikwa kwenye tangazo lenyewe. Makosa hutokea: shamba la chai huandikwa kama kiwanja cha biashara, robo ekari ikawa nusu, nyumba ya familia ikahesabiwa kuwa ya kupangisha. Kosa likipita bila kupingwa hugeuka kuwa deni halali la kila mwaka, na daftari moja linaweza kudumu muda mrefu kupita kiasi. Nairobi iliendelea kutumia thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa karibu miongo minne. Pingamizi liandikwe na mwenye jina kwenye hati au msimamizi wa mirathi, litaje nambari ya ardhi, lieleze kosa, na liambatishe ramani, picha na, ikiwezekana, maoni ya mkadiriaji aliyesajiliwa. Kulia kwamba kodi ni kubwa hakutoshi. Onyesha kwamba hesabu si sahihi.

Njia ya pili ni kuomba kuondolewa deni au sehemu yake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 159, inampa waziri wa fedha wa kaunti uwezo wa kusamehe kodi au ada, lakini kwa vigezo vilivyowekwa kisheria. Kifungu cha 210 cha Katiba kinaongeza kwamba kila msamaha uwekwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu yake, na habari zake zifikishwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Maana yake kwa mwombaji ni kubwa. Msamaha ulioahidiwa jukwaani wakati wa kampeni si msamaha. Msamaha uliotolewa kwa maneno na karani wa mapato si msamaha, na siku mrithi atakapotaka kuuza, deni litamkuta likiwa na riba. Misamaha ambayo kaunti zetu hutangaza hadharani mara nyingi ni ya riba na faini tu, kwa sharti kwamba mdaiwa alipe deni la msingi katika muda uliowekwa. Tangazo la namna hiyo likitoka, lipa ndani ya muda huo na udai taarifa mpya ya akaunti inayoonyesha riba imefutwa.

Barua ya kuomba iwe fupi. Ianze na nambari ya ardhi na jina la mwenye hati, ionyeshe deni la msingi na riba kila moja peke yake, itaje kifungu cha sheria ya kaunti kinachoruhusu ombi hilo, kisha itoe sababu moja iliyo na ushahidi. Mjane asiye na mapato aambatishe cheti cha kifo cha mumewe na barua ya chifu. Mtu mwenye ulemavu aambatishe cheti cha usajili, lakini ajue kwamba unafuu maarufu wa shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi ni wa kodi ya mapato, hauhusu ada za ardhi. Mwisho, barua iombe jibu la maandishi na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo silaha ya mwananchi iwapo faili litapotea, na mafaili hupotea.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo sheria ya Kenya inaijali waziwazi nyumba ambayo mtu anaishi, na ni ajabu kwamba wachache wanapajua: kodi ya faida ya mtaji. Kodi hii ilirudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida anayopata mtu anapouza ardhi au jengo. Sheria ya Kodi ya Mapato inasamehe makao ya mtu binafsi ikiwa mwenyewe ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu inayotangulia mauzo. Chukua mfano wa mtu aliyetumia shilingi milioni 1.5 kununua na kujenga Nyanchwa, akauza kwa milioni 4.5. Faida ni milioni 3, na kodi yake ni shilingi 450,000. Akithibitisha miaka mitatu ya kuishi humo, halipi hata senti. Asipoweza kuthibitisha, analipa zote kabla ya uhamisho kusajiliwa.

Uthibitisho ndipo wengi wanapokwama. Mwajiriwa wa Nairobi au Mombasa aliyejenga nyumba nzuri Suneka, akaipangisha au akamwachia mlinzi na kuja Desemba tu, atasema kwa moyo safi kwamba hapo ndipo kwao. Sheria haiulizi utazikwa wapi, inauliza umelala wapi miaka mitatu iliyopita. Anayekusudia kuuza na kudai msamaha aanze mapema kutunza bili za umeme na maji zilizo kwa jina lake, barua ya chifu yenye tarehe, rekodi za shule ya watoto, na chochote kinachoonyesha maisha ya kila siku ndani ya nyumba hiyo. Tamko lenyewe hufanywa kwenye mfumo wa iTax, na anayedai msamaha ndiye anayebeba mzigo wa kuuthibitisha.

Sheria hiyohiyo ina misamaha mingine inayowafaa zaidi watu wa vijijini. Ardhi ambayo thamani yake ya uhamisho haizidi shilingi milioni 3 haitozwi kodi hii. Shamba la kilimo lililo chini ya ekari 50 halitozwi, mradi liwe nje ya manispaa, mji uliotangazwa kwenye gazeti la serikali, au eneo lililotangazwa kuwa la mji. Katika Gusii, karibu kila shamba liko chini ya ekari 50. Nani ana hamsini? Kwa hiyo jambo zima linategemea mpaka wa manispaa. Siku mpaka unaposogezwa na kulimeza shamba, mwenye shamba hupoteza kinga hii, na mnunuzi wake naye hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 badala ya 2. Wananchi hushangilia kijiji kinapoitwa mji kwa matumaini ya taa na lami. Wana haki ya kutaka taa na lami, lakini wahudhurie vikao vya kujadili mipaka wakijua kinachoandamana na heshima hiyo.

Sasa turudi kwenye jina. Mali ya marehemu inayouzwa ili kusimamia mirathi husamehewa kodi ya faida ya mtaji ikiwa mauzo yatakamilika ndani ya miaka miwili tangu kifo, au ndani ya muda zaidi ambao mamlaka ya kodi itaruhusu kwa maandishi. Familia inayokaa miaka kumi bila kufungua kesi ya urithi huitupa nafasi hiyo, tena bila kujua. Pingamizi kubwa ninalolisikia ni la gharama: kesi, wakili, mpima ardhi, hati mpya kwa kila mrithi, vyote kwa ajili ya vipande visivyofika nusu ekari. Pingamizi hili ni zito na silipuuzi. Lakini gharama hupanda kila kizazi kinapoongezeka. Wana watano wa marehemu wanaweza kukubaliana mezani. Wajukuu ishirini na saba waliotawanyika hadi Ughaibuni hawataweza kwa urahisi. Tena si lazima kila urithi uende Mahakama Kuu. Mahakimu wakuu wana mamlaka ya mali yenye thamani hadi shilingi milioni 20, ambayo inatosha kwa maboma mengi. Familia hupata barua ya chifu inayowataja warithi wote, huwasilisha ombi, tangazo hutolewa kwenye gazeti la serikali kwa siku 30, na miezi sita baada ya kupewa usimamizi huomba uthibitisho wa mgawanyo. Mabinti watajwe, pamoja na walioolewa. Kuwaficha ni dhuluma, na ni sababu ya kawaida ya mgawanyo kubatilishwa baadaye.

Wengine huogopa kwamba kuandikisha jina ni kujipeleka kwa mtoza kodi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haimwokoi mtu. Ada za ardhi hung'ang'ania ardhi, hazimfuati mtu. Anayetaka kuhamisha ardhi kwa kawaida hutakiwa kwanza kuonyesha cheti cha kutodaiwa ada. Deni la jina la marehemu huendelea kukua kimya, na hulipwa na yule wa mwisho, mara nyingi katika wakati mbaya kabisa: mtoto anapohitaji karo ya chuo, au mgonjwa anapohitaji kusafirishwa.

Kwa maoni yangu, kaunti zote mbili zina wajibu wa kufanya zaidi ya kungoja barua za wanyonge. Hakuna kinachozizuia kuandika katika sheria zao unafuu kwa nyumba moja ya mzee asiye na kipato, kama Tanzania ilivyofanya, wenye vigezo vinavyosomeka na orodha inayochapishwa. Maafisa wa mapato watajibu kwamba kaunti zinategemea mno mgao wa Nairobi na haziwezi kupoteza chanzo chao wenyewe. Ni kweli zinahitaji mapato. Lakini ada ya ajuza asiye na kitu haikusanywi hata sasa; hurundikana kwenye vitabu kama deni lisilolipika na kuharibu hesabu. Kumsamehe kwa sheria ni kusafisha daftari, na nguvu za ukusanyaji zielekezwe kwenye majengo ya kibiashara yanayozunguka soko la Daraja Mbili na barabara kuu ya Keroka. Mswada wa fedha wa kila kaunti huja kila mwaka na lazima wananchi wasikilizwe. Aidha, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti. Vyama vya wazee, makanisa na vikundi vya akina mama vina watu wa kutosha kuliandika ombi hilo na kulifikisha Kisii na Nyamira.

Kabla ya kuandika chochote, basi, nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi ya nambari yako, kisha ofisi ya mapato ya kaunti uombe taarifa ya akaunti ya ardhi hiyohiyo. Ukikuta jina lako na deni sahihi, andika barua yako ya msamaha wiki hiyo. Ukikuta jina la marehemu, waite ndugu na dada zako wote, walio karibu na walio mbali, mkubaliane nani atafungua urithi na kila mmoja atachanga kiasi gani, na mtie sahihi makubaliano hayo mbele ya chifu.